Rekodi Mbili za Ng'ombe Mmoja

Pale ofisi ya mifugo walimwita Fundi, na jina hilo lilimkaa kuliko lile alilopewa na wazazi wake. Printa ikikwama, aitwe Fundi. Simu ya mkuu ikigoma kupiga picha, aitwe Fundi. Lakini kazi iliyompa heshima hasa ni ile programu ya kurekodi mifugo.

Zamani maofisa walishuka mabondeni, ambako mtandao huupati hata ukipanda juu ya mti. Walifungua ukurasa wa ofisi kwenye simu, wakaandika habari za ng'ombe mpaka vidole vikauma. Wakibonyeza kutuma, ukurasa unageuka mweupe kama shuka la hospitali, na kila walichoandika kimekwenda na maji. Fundi akaiandika programu upya. Sasa ukurasa ulikaa ndani ya simu yenyewe. Ofisa aliandika akiwa zizini, simu ikahifadhi, na akipanda kilima mahali penye mtandao, simu ikatuma bila kuombwa. Alichoanza kwenye simu angeweza kukimalizia kwenye tableti ya nyumbani au kompyuta ya ofisini; vyombo vyote vilipashana habari vyenyewe.

"Mke wangu amezipa simu zenu kumbukumbu kuliko nyinyi," mumewe, Daktari wa mifugo, aliwatania wenzake. Fundi akatembea wiki nzima kama mtu aliyevaa viatu vipya.

Jambo moja tu programu haikuweza kulimaliza peke yake. Watu wawili wakiandika habari za mnyama mmoja, kila mtu kwenye simu yake, wote hawana mtandao, basi simu hizo zikifika kwenye mtandao zinakuja na maelezo mawili. Nani mkweli? Mashine haijui. Kwa hiyo iliyaweka kando yote mawili, yanayotofautiana yakapakwa rangi ya njano, ikangoja mtu ayasome na kuchagua. Waliuita mgongano, na mwamuzi wa migongano alikuwa Fundi. Haikuwa kazi kubwa. Kila ofisa alikuwa na bonde lake, nani angegongana na nani?

Halafu akaja Kicheko.

Alikuwa ofisa mpya, binti aliyetoka masomoni juzi, na jina hilo walimpa siku ya kwanza kwa sababu kicheko chake kilitangulia mlangoni, yeye akafuata. Alipangiwa bonde la nyuma ya kilima. Daktari akabaki na bonde lake la siku zote. Fundi ndiye aliyemkalisha kitako akamfundisha programu.

"Dada, kweli nikiwa sina mtandao haipotei?"

"Haipotei, mdogo wangu. Ukiona alama ya kijani, lala usingizi."

Alimpenda, kusema kweli. Alimgawia hata chai yake.

Mgongano wa kwanza ulipoingia, Fundi hakuujali. Zizi la bibi mmoja mwenye ng'ombe wachache, bonde la nyuma ya kilima. Rekodi moja ya Kicheko, nyingine ya Daktari. Labda Daktari alipita njia. Ukaingia wa pili. Ukaingia wa tatu, zizi jingine, bonde lilelile, majina yaleyale mawili. Fundi akaacha kikombe mezani. Aliijua programu yake kama anavyojua vidole vyake: mgongano hautokei mpaka watu wawili wawe kwa mnyama mmoja, kila mmoja na simu yake, na wote mahali pasipo na mtandao. Mahali ambapo hata ukimpigia mumeo hapatikani.

Jioni akamuuliza, "Leo ulikuwa wapi?"

"Bondeni."

"Bonde lipi?"

"Kwani mimi nina mabonde mangapi, mke wangu?" Daktari akacheka, akachukua taulo akaenda kuoga.

Jibu lile lilimkwama Fundi kooni kama mwiba wa samaki. Kesho yake akapita dukani kwa wifi yake, dada wa Daktari, anayeuza vitambaa, akajifanya anatafuta pazia. Wifi akamsoma usoni kabla hajagusa kitambaa.

"Sema, wifi. Pazia gani hilo la kununuliwa na macho mekundu?"

Fundi akamweleza. Wifi akaweka mkasi chini.

"Mimi ni damu yake, lakini nakwambia kama mwanamke mwenzio. Mwanaume akianza kupiga viatu rangi ili aende zizini, jiulize ni kinyesi gani hicho kinachopendezewa."

"Amepiga rangi?"

"Wewe ndiye unayelala naye, unaniuliza mimi?"

Alipofika nyumbani Fundi aliangalia viatu vya mumewe. Vilikuwa vimepigwa rangi. Hakukumbuka kama havikuwa hivyo siku zote.

Toka hapo wivu ukamwingia kama maji yanavyoingia ukutani, taratibu, bila kelele, mpaka chokaa inabanduka. Ofisini alisikia kicheko cha yule binti kupitia ukutani akahesabu sauti ya nani imetangulia kusema. Aliangalia kucha zake, mkufu wake, namna alivyofunga nywele. Siku moja, mumewe akiwa kazini, alisimama mbele ya kioo chumbani akajaribu kucheka vile. Ikatoka sauti ya kuku aliyeshikwa mkia. Akaona haya peke yake.

Migongano iliendelea kuja, na Fundi akapata namna ya kulipiza. Kila penye majina yale mawili, alichagua rekodi ya mumewe. Mwanzoni alisoma kidogo. Baadaye hata zile njano hakuziangalia. Alibonyeza tu, na maneno ya Kicheko yakaondoka, kwenye kompyuta, kwenye tableti, na hata kwenye simu ya Kicheko mwenyewe, kwa kuwa vyombo vyote vililazimika kukubaliana. Kila akibonyeza alipata raha fulani mbaya, kama ya kumfungia mtu mlango usoni. Si kitu, alijiambia. Rekodi ya Daktari ni ya mtu mzoefu, kwa vyovyote ndiyo bora.

Asubuhi moja bibi wa lile zizi la kwanza aliingia ofisini, kanga kiunoni, vumbi mpaka magotini. Hakuketi.

"Ng'ombe wangu mwekundu ametupa mimba," alisema. "Amekuja ofisa wenu mwingine, si yule binti wala Daktari, kuwapa ng'ombe wote dawa ya minyoo. Nikamwambia soma kwanza simu yako, yule mwekundu amepimwa ana mimba changa. Akasoma. Akasema hakuna kitu. Akampa."

Mkuu wa ofisi akawaita wote chumbani kwake. Kicheko alikuja akiwa ameshika simu kwa mikono miwili.

"Niliandika, mkuu! Niliandika ana mimba changa, dawa ile asipewe. Nakumbuka."

"Onyesha."

Kicheko akapekua. Akapekua tena. Uso ukamsawijika. Rekodi ilikuwepo, ya siku ileile, lakini ilikuwa na kwato na uzito tu, na jina la Daktari chini yake.

"Simu yako mwenyewe inakukana," alisema mkuu. "Bado uko kwenye muda wa majaribio, binti. Makosa kama haya ndiyo yanayoamua."

Kicheko hakubishana. Aligeuka akamtazama Fundi. "Dada, si ulisema haipotei?"

Kabla Fundi hajafumbua kinywa, Daktari akasogea mbele. "Mkuu, hajakosea. Mimi nilikuwepo. Tulimpima yule ng'ombe pamoja. Mimi nikaandika kwato, yeye akaandika mimba."

Na hata hapo, mbele ya bibi aliyepoteza ndama, kilichomchoma Fundi ni lile neno "pamoja".

"Wewe ulikuwa unafanya nini kwenye bonde la mwenzako?" aliuliza mkuu.

Daktari akakuna shingo. "Wiki yake ya kwanza ng'ombe alimfia mikononi akimzalisha. Toka siku hiyo mikono yake ikawa inatetemeka akiingia zizini. Akaniomba nimsindikize mpaka azoee. Nikakubali. Hatukusema, kwa sababu ya huo muda wa majaribio."

Mkuu akamgeukia Fundi. "Haya, mwenye programu. Tuangalizie. Iliandikwa au haikuandikwa?"

Fundi akaketi mbele ya kompyuta. Alijua kitu ambacho wengine hawakukijua: rekodi iliyokataliwa haifi. Inaondoka kwenye simu za watu, lakini nakala inabaki kwenye mashine kuu, na ni yeye tu mwenye njia ya kuifikia. Neno moja tu lingetosha: sioni. Kicheko angefunga virago, na bonde la nyuma ya kilima lingepewa mtu mwingine, mwanaume labda, mwenye sauti ya chini. Vidole vyake vilikaa juu ya kibodi. Bibi mwenye ng'ombe alikuwa amesimama nyuma yake, na harufu ya maziwa na moshi wa nguo zake ilimfikia.

Akaifungua. Akaigeuza skrini ili wote waone. Ilikuwa hapo, kwa maneno ya Kicheko, na ile njano juu yake: mimba changa, asipewe dawa ya minyoo mpaka nirudi kumwona.

"Aliandika," alisema Fundi. "Mimi ndiye niliyeiondoa. Sikuisoma."

"Hukuisoma? Wewe?" Mkuu hakuamini. "Kwa nini?"

Kicheko alimtazama Fundi, akamtazama Daktari, akamtazama Fundi tena, na Fundi akaona jinsi jambo lilivyomwingia yule binti akilini, polepole, mpaka likafika. Kicheko akaiweka simu mfukoni akatoka nje.

Fundi alipewa onyo la maandishi, na uamuzi wa migongano akanyang'anywa siku hiyohiyo. Hilo halikumuuma sana. Kilichomuuma kilimngoja nyumbani.

Daktari alikaa jikoni na viatu vyake, hakuvua.

"Ungeniambia," Fundi alisema. "Neno moja tu. Namsindikiza yule binti. Ningeelewa."

"Ungeelewa?"

Fundi akavuta kigoda akaketi.

"Niliogopa ungemwambia mkuu, mnakaa ofisi moja. Hiyo ndiyo sababu ya kwanza."

"Na ya pili?"

"Ya pili, nilikuwa naona raha. Usinikate jicho, ngoja nimalize. Yule binti tukitoka zizini ananiuliza, mbona ulimshika vile, mbona hukumpa dawa ile. Namweleza njia nzima. Wewe huniulizi kitu. Nikiingia hapa ndani umeshasoma kila kitu kwenye tableti. Nikianza kusimulia unasema, nimeshaona."

Fundi alitaka kukataa, lakini aliisikia sauti yake mwenyewe ikisema hivyo, jioni nyingi, macho yakiwa kwenye kioo cha tableti. Nimeshaona. Nimeshaona.

"Kwa hiyo unampenda?"

"Napenda kusikilizwa. Zaidi ya hapo hakuna kitu, naapa."

Alimwamini, na ndipo wivu ulipozidi. Kama angekuwa amefanya yale aliyoyasema wifi, Fundi angejua la kufanya: angepiga kelele, angerusha sufuria, angefunga nguo zake aende kwao. Lakini utamlilia nani kwamba mumeo anazungumza na mtu njiani?

Siku ya mapumziko alivuka kilima kwenda kwa bibi, kuomba radhi. Bibi alikuwa anafagia zizi. Alimsikiliza mpaka mwisho, amejishikiza kwenye fagio.

"Wivu naujua, mwanangu," alisema. "Sijazaliwa mzee. Lakini ng'ombe wangu alikuhusu nini?"

Fundi akachukua fagio la pili akafagia naye mpaka wakamaliza. Yule ng'ombe mwekundu alikuwa amesimama pembeni, amekonda, anatafuna. Kicheko alikuwa anakuja kumtibu, bibi alisema, anakuja peke yake siku hizi, na mikono yake haitetemeki.

Programu ilibadilishwa. Fundi aliibadilisha mwenyewe, na aliifanya kazi hiyo kwa uangalifu kuliko nyingine yoyote. Sasa mgongano ukitokea, rekodi zote mbili zinarudi kwenye simu za wawili walioziandika, nao wanazungumza mpaka wakubaliane. Hakuna wa tatu anayechagua. Fundi huona tu kwamba fulani na fulani waligongana, na kwamba yamekwisha, walichoambiana hakioni. Tableti ya nyumbani nayo akaitoa kwenye akaunti ya mumewe, asijue habari zake mpaka mwenyewe aseme.

Kicheko alimaliza muda wa majaribio, akathibitishwa kazini. Bado anacheka, ukuta mzima unasikia. Lakini Fundi akiingia chumbani kicheko kinashuka, na hamwiti dada tena. Anamwita Fundi, kama watu wengine wote.

Jioni Daktari hurudi, na Fundi humuuliza. Mwanzoni ilikuwa kama kuvaa nguo ya mtu mwingine, inabana mabegani. Siku hizi amezoea kidogo. Juzi alikuwa anakata vitunguu, Daktari ameketi mlangoni anavua viatu, anamsimulia habari za mbuzi aliyemeza kamba na mwenye mbuzi aliyekuwa analia kuliko mbuzi.

"Nikamvuta taratibu, huku nikiwaza angekuwepo Kicheko tungecheka mpaka—" Akakatiza.

Kisu cha Fundi kikasimama juu ya kitunguu. Wivu uleule ukampanda, mbichi kabisa, kana kwamba haukuwahi kuondoka. Akakata kipande kimoja, akakata kingine.

"Enhe," alisema bila kugeuka. "Ukamvuta, ikawaje?"

Daktari akavua kiatu cha pili, akaendelea.