Kampuni Tatu, Meza Moja

Mama yangu alikuwa fundi wa laini za umeme. Wenzake walimwita Kunguru, maana alishinda juu ya nguzo na sauti yake ilisikika mtaa mzima. Baba, fundi cherehani, husema alimpenda huku shingo ikimuuma kwa kumtazama.

Asubuhi moja shirika la umeme likawatangazia mafundi kwamba kazi yao imepewa mkandarasi. Mama alirudi nyumbani mnyonge, hata chai hakuigusa. Wiki iliyofuata mkandarasi akawaajiri walewale, kwenye yadi ileile, kwa mshahara pungufu na bila bima ya matibabu. Ovaroli zilikuwa zilezile pia; zililetwa kwa Baba abandue nembo ya zamani na kushona mpya.

"Mume wangu, unanibadilishia mwajiri kwa sindano," Mama alimwambia.

"Tulia basi, nisije nikakuchoma."

Baadaye magari ya shirika yakauzwa kwa kampuni ya pili, ngazi na vifaa kwa ya tatu, halafu shirika likawa linakodi kwa bei ya kuruka mali iliyokuwa yake. Kampuni zote tatu zilikuwa za shemeji yake mkurugenzi wa shirika. Shirika lililia hasara, likatupandishia bili, na faida ikabaki katika familia.

Kisha ikaja siku ya upepo mkali. Mchana kweupe nguzo ikaanguka, zahanati ikakosa umeme. Mama na wenzake walikuwa yadini, ngazi iko mbele yao.

"Hamwezi kuondoka," karani akawaambia. "Kampuni ya ngazi haijatoa kibali."

"Kibali anatoa nani?"

"Mimi, mama. Lakini mpaka kampuni ya magari ilete ombi."

"Na ombi anaandika nani?"

Karani akainamia meza yake. "Mimi pia."

"Basi mwanangu, jiandikie, halafu ujijibu. Sisi tunatangulia."

Wakaibeba ngazi begani, wakakatiza mitaa kwa miguu. Watu walitoka milangoni kuuliza kuna nini, na Mama, asiyejua kunong'ona, akawaeleza njia nzima. Laini ilipozimwa kabisa na nguzo kusimamishwa tena, akapanda. Umeme uliporudi, muuguzi alitoka mbio akamkumbatia Mama, helmeti ingali kichwani.

Kesho yake akasimamishwa kazi kwa kutumia ngazi bila kibali. Alisema hajali, lakini nilimkuta jikoni anafuta machozi kwa kanga. Baba alifunga duka, akaketi naye.

Wenzake wakagoma. Majirani nao, waliokwisha kusikia habari za shemeji, wakaenda kwa mamlaka inayosimamia umeme, ikaitisha kikao cha hadhara. Mama alikataa kipaza sauti, hakikuhitajika. Mkurugenzi akaondolewa, magari na ngazi vikarudi kwa shirika, mafundi wakarudishiwa kazi na bima. Bili zetu, lakini, hazikushuka hata kidogo, na Mama hakuacha kulisema hilo kwa kila aliyemsalimia.

Siku hizi amestaafu. Hushinda dukani kwa Baba akimsaidia kushona vifungo, na anavishona vibaya kwelikweli. Baba humsifu. Mama akienda sokoni, yeye huvifumua vyote haraka haraka na kuvirudia.