Bloku Iliyofungiwa Fahali

Siku moja kabla ya kumzika mume wangu, nilifuta sentensi moja kwenye wasifu wake. Aliyeuandika ni shemeji yangu, mdogo wake marehemu. Alikuwa ameweka kwamba kaka yake alitengeneza injini ya pikapu iliyoshinda mbio za magari mawili mawili, kwenye barabara nyoofu nje ya Bunda, dhidi ya vijana waliovuka kutoka Kenya. Hadithi hiyo mume wangu aliisimulia miaka yote, na mafundi wenzake wa Buhare, hapa Musoma, hawakuiamini, wakamwita Bingwa kwa kumcheka. Mimi pikapu hiyo sikuwahi kuiona. Nikaona siwezi kuacha kitu nisichokijua kisomwe mbele ya jeneza. Nikachukua kalamu, nikapiga mstari.

"Hata wewe, shemeji?" aliniuliza. Nikamrudishia karatasi.

Tulizika, watu wakatawanyika, na ule mstari ukanikaa. Ibada ya kuweka msalaba ilipangwa baada ya mavuno, na wasifu ungesomwa tena. Nikaamua kuitafuta ile injini. Nikiikuta na ni kazi yake, sentensi itarudi. Nisipoikuta, basi tena.

Fundi mmoja mzee wa Buhare alikumbuka kwamba pikapu ilipochakaa, injini ilipelekwa Bunda, mtaa wa Kabasa, ikawa inaendesha mashine ya kusaga. Nilikwenda. Mwenye mashine, mama aliyejaa unga mpaka kwenye nyusi, aliniambia umeme ulipofika walifunga mota, na bloku tupu, gamba la ile injini, ikachukuliwa na mzee wa Butiama.

"Alikuja mwenyewe kuiomba," alisema. "Eti alikuwaga dereva wa hiyo pikapu. Tulicheka sana, mtu anaomba chuma kama anaomba mchumba."

Huyo mzee nilimkuta kwake Butiama akinywesha ng'ombe. Bloku ilikuwa uani, imelala ubavu, kamba imepitishwa kwenye tundu la silinda. Kwenye ncha nyingine ya kamba alisimama fahali mweusi.

"Huyu aling'oa kila kigingi nilichomfungia," mzee alisema. "Hiyo bloku ndiyo imemweza."

"Ndiyo iliyokimbia Bunda?"

"Ndiyo, na nilishika usukani mimi. Wale vijana walikuja na gari linang'aa, langu la kubeba samaki linanuka sangara. Tukawaachia vumbi."

"Fundi wako alikuwa nani?"

"Mmoja wa Musoma. Mkimya. Jina limenitoka, mama."

Nilikuwa sijamwambia mimi ni nani, nisije nikamtia maneno mdomoni. Nikaomba tuigeuze bloku. Akamhamisha fahali, tukasukuma wote wawili mpaka tumbo la bloku likatazama juu.

Fundi akifungua injini huwa anagonga alama kwa panchi kwenye vifuniko vinavyoshika krenki na kwenye bloku pembeni yake: nukta moja, mbili, tatu, ili wakati wa kurudisha visibadilishane. Mafundi wote niliowajua wanaanza kuhesabu mbele, upande wa feni. Mume wangu alianzia nyuma, upande wa giaboksi. Injini ya kwanza kuifungua maishani alikuwa amekaa upande huo, na hakuona sababu ya kubadili. Wenzake walimcheka kwa hilo pia. Mimi ndiye niliyekuwa nikimwoshea vyuma kwa dizeli. Nikivipanga vibaya alikuwa akiniambia, "Anzia nyuma, mama watoto."

Nilikwangua kwa kisu cha mzee, kutu na mavi makavu ya ng'ombe. Upande wa feni zikatokea nukta tatu. Katikati mbili. Nyuma, upande wa giaboksi, moja. Nikapitisha kidole juu yake, nikarudia, nikarudia tena.

"Fundi wako alikuwa mume wangu," nilisema. "Tumemzika mwaka huu."

Mzee alivua kofia.

"Nataka niiandike kwenye wasifu wake. Yeye alisema mlishinda mara mbili," nikamwambia.

"Moja. Ya pili injini ilianza kugonga njiani, ikaishiwa nguvu. Tumefika mwisho, wenzetu wameshashuka wanakunywa soda." Akafikiri. "Lakini wewe andika mbili, mama. Nani atakuja kuuliza?"

"Mimi nimekuja kuuliza."

Alicheka mpaka fahali akageuza kichwa.

Siku ya msalaba mafundi wa Buhare walisimama nyuma kabisa. Shemeji alisoma wasifu, akafika kwenye sentensi niliyoiandika kwa mkono wangu: "Alitengeneza injini ya gari lililoshinda mara moja na kushindwa mara moja katika mbio za Bunda." Akainua macho, akaniangalia.

"Soma tena hapo," sauti ikatoka kwa mafundi.

Akasoma tena, polepole, kwa sauti kubwa zaidi. Akina mama wa kwaya wakapiga vigelegele pale pale makaburini, nami nikapiga nao.