Siku Niliyotangaza Kwamba Meli Inazama

Wasomaji, mimi ni mhudumu wa chakula kwenye meli ya watalii inayopita mtoni huko Ulaya. Kwenye usaili nilijigamba kwamba nimekulia majini. Maji yenyewe ni bwawa la Manchira, nilikokuwa nikinywesha ng'ombe wa baba.

Wiki ya kwanza, nikiwa bado kwenye majaribio, nilikuwa nagawa supu nikaona dirishani ukuta wa zege unapanda. Ulifunika miti, ukafunika anga. Mimi mtaalamu nikaelewa mara moja: ukuta haupandi, sisi ndio tunashuka. Nikatupa sinia, nikavaa jaketi la kujiokolea, nikapiga kelele, "Tunazama! Akina mama kwanza!" Aliyetangulia mlangoni ni mimi.

Hakuna abiria aliyeinuka. Otieno, mhudumu mwenzangu kutoka Migori, akanishika mkono.

"Chacha ndugu yangu, tulia! Hapa mto una ngazi. Meli inafungiwa humu kati ya kuta na mageti, maji yanapunguzwa, inateremka, halafu geti linafunguliwa."

Kweli geti likafunguka. Abiria wakanipigia makofi, wakidhani ni maigizo, na msimamizi wangu akiwa amesimama palepale. Bibi mmoja akavaa miwani, akasoma maandishi ya kifuani kwangu kwa sauti.

"Mjukuu wangu," akasema, "hilo jaketi ni la watoto."