Nilivyomlilia Mzee Nisiyemjua

Mpaka leo naisikia tairi ile ikizunguka kwenye tope, ikilia bila kusogea, na kila nikiisikia natamani kujifunika khanga usoni, maana aibu ya siku ile sijawahi kuisimulia yote.

Bibi yangu, aliyenilea, alikuwa anazikwa kijijini kwetu Kishanda mchana. Nilitoka Kashai, mjini, alfajiri kwa basi (mimi mtu wa ndoto, nilishajiona nimefika, nimekaa kwenye nyasi wanazotandaziwa wafiwa, karibu na jeneza). Mvua ilikuwa haijakata tangu usiku, na kabla ya kufika Muleba tukakuta maji yamekata barabara, magari yamepanga foleni huku na huku, abiria wanashuka, wanavuka kwa miguu na kutafuta gari la upande wa pili. Kaka Deo, mtoto wa mjomba, alinipigia akasema nikishavuka nisiondoke, anakuja kunichukua na pikipiki.

Nikavuka, nikangoja. Nikaona lori limejaa akina mama wanaimba nyimbo za msiba. Nikauliza kama wanaenda kuzika, wakasema ndiyo, wakanivuta juu. Sikuuliza wanamzika nani. Turubai lilikuwa limefungwa pande zote kwa ajili ya mvua, kwa hiyo njia sikuiona, nililia tu (mama mmoja alinilaza mapajani), na tulipofika, kwa jinsi nilivyokuwa nalia, wakanisogeza mbele, wakanisogeza, mpaka kwenye jeneza.

Hapo nikainua macho. Picha juu ya jeneza ilikuwa ya mzee mwenye ndevu.

Watu walishaanza kunong'ona, maana binti mgeni anayemlilia mzee kuliko watoto wake wa kuzaa, utamfikiriaje? Mjane akaacha kulia, akanitazama.

"Mwana wange, mwanangu, sema ukweli mbele za watu. Huyu ni baba yako?"

"Hapana, mama. Nimekosea lori."

Kuna mtu alicheka nyuma, akanyamazishwa. Mjane akafumba macho, akashusha pumzi, nikatamani ardhi inimeze. Kisha akamwambia mwanawe anipeleke kwetu kwa pikipiki.

"Naye ana wa kwake wa kuzika."

Lakini njia ilikuwa tope tupu, tairi inazunguka palepale, tukasukuma zaidi kuliko tulivyopanda. Kishanda nikakuta watu wanatawanyika. Deo ndiyo kwanza alikuwa amefika, amelowa chapachapa. Simu yangu ilikuwa imeingia maji, basi alinisubiri pale barabarani mpaka wakazika bila yeye, yeye aliyepangwa kubeba jeneza. Hakunigombeza. Aliniuliza tu kama nimekula.

Siku hizi sipandi gari bila kuuliza linakwenda kwa nani, na nikiambiwa nisubiri, nasubiri, mvua inyeshe inavyotaka.

Jioni ile, wengine wakiwa ndani, nilirudi peke yangu kibanjani, shambani nyuma ya nyumba alikozikwa bibi. Maji yalikuwa yanashuka kati ya migomba, yameanza kumega udongo wa kaburi. Nikapiga magoti, nikachimba kwa vidole mfereji mdogo wa kuyapitisha pembeni.