Nembo ya Wanaanga wa Blaine

Binti yangu alipokuwa darasa la tano hapa Blaine, Marekani, mwalimu aliwaagiza kila mmoja aichukulie familia yake kuwa kikosi cha wanaanga, aichoree nembo ya safari, kisha aeleze maana ya kila alama. Alikuja na kitabu cha maktaba kilichojaa nembo halisi, zile za kushonwa kwenye suti za anga. Nilikuwa nimetoka zamu hospitalini Minneapolis, miguu imevimba, nikakipekua kwa heshima kidogo sana.

Kumbe wanaanga hawachori pambo tu. Majina ya wanaosafiri huzungushwa pembeni. Tai ana sababu yake, mwezi una sababu yake, hata idadi ya nyota ina sababu: mara nyingine ni wanaanga wenyewe, mara nyingine ni watoto waliowaacha nyumbani. Niliwaonea wivu. Nembo yangu mimi ni kitambulisho cha kazini, na picha yake nilipigwa nikikaribia kupiga chafya.

Kikao kilifanyika kwenye meza ya jikoni. Nilitaka gari letu likae katikati, maana kuliendesha kwenye barafu ya Januari kunahitaji mafunzo ya urubani. Mke wangu, aliyekuwa akisonga ugali, alitaka mwiko. Mwiko ulishinda. Gari likapewa nafasi chini, dogo, kama limeegeshwa vibaya.

"Nichore nyota ngapi za watoto, Dad?" binti akauliza, kwa Kiingereza kama kawaida yake.

"Chora za kutosha."

"Za kutosha ni ngapi?"

"Kwetu watoto hawahesabiwi. Viti ndivyo vinavyohesabiwa."

Sikuwa natania. Nyanya yangu alizaa wengi, na hakuna aliyewahi kumsikia akitaja idadi. Alisema ukihesabu watoto unakionyesha kifo pa kuchagua. Desturi hiyo nimekuja nayo Marekani. Karani yeyote akiniuliza nina watoto wangapi, humtajia majina, ajumlishe mwenyewe. Majina mawili: la binti na la mdogo wake.

Alhamisi akaniletea nembo imekamilika. Nikaisifu, ila nikamwambia nyota moja imezidi.

"Imezidi vipi?"

"Umechora tatu."

"Kwani zinafaa kuwa ngapi? Si ulisema hatuhesabu?"

Mke wangu akafunga bomba la maji.

Binti alikuwa ameiona picha ndani ya Biblia ya mama yake: mtoto mchanga ndani ya shali ya njano, na nyuma yake mwandiko wa mama, "Kifungua mimba wetu." Alikuwa amemwuliza mama mmoja wa kanisani maana yake, kisha akanyamaza wiki mbili. Mtoto huyo ni kaka yake aliyezaliwa Kenya, akaishi siku tisa. Hatukuwahi kumwambia. Sasa akatufungulia kile kitabu penye nembo zenye nyota za wanaanga waliofia kazini.

"Hawa pia wanaenda," alisema, safari hii kwa Kiswahili chake cha kuokoteza. "Wanawekwa."

Iliniuma, na niliona haya. Miaka yote nilidhani namtii nyanya kwa kutohesabu. Nilikuwa nahesabu kila siku, na kila siku naishia mbili.

"Pembeni kunakaa majina," binti akaendelea. "Yeye anaitwa nani?"

Mama yake akakausha mikono, akaketi, akalitamka. Sikuwa nimelisikia tangu mazishi. Nafasi iliyobaki ilikuwa finyu, kwa hiyo binti aliliandika kwa herufi ndogo, likaingia katikati ya langu na la mama yake. Mwalimu alimpa alama zote, akauliza tu gari lile ni kitu gani.

Mwezi uliopita nilimpeleka mdogo wake kwa daktari wa meno. Karani, bila kuinua macho kutoka kwenye kompyuta, akaniuliza nina watoto wangapi. Nikamtajia majina matatu, akajumlisha mwenyewe.