Kadi Yangu Kwenye Mkebe wa Ajenti

Nilimwaga ule mkebe wote juu ya kaunta. Kadi za benki zilitawanyika mpaka kwenye mizani ya sukari, kila moja ikiwa na kikaratasi kilichobandikwa mgongoni, namba ya siri imeandikwa kwa kalamu nyekundu. Kadi za akina mama wa Nuu karibu wote. Yangu haikuwemo.

"Mwaitu, mama yangu, tulia," ajenti wa benki akaniambia. "Si nimekwambia mzee wako aliichukua Ijumaa? Akatoa pesa yote hapa hapa."

"Na ukampa?"

"Sasa nimnyime? Si ndiye mwenye boma?"

Mama mmoja kwenye foleni akacheka. "Hawa watu wa Makueni wako na mdomo! Enda ukaongee na bwanako kwa nyumba."

Mtoto alikuwa mgongoni, usaha ukimtoka sikio la kushoto na kunilowesha shingo. Kesho yake nilitaka kumpeleka Kitui mjini kwa daktari wa masikio. Pesa hiyo ilikuwa ya sikio, si ya kitu kingine.

Mimi ni wa Mukuyuni, kule Makueni, na niliolewa Nuu kabla sijapata kitambulisho. Laini yangu ya simu ilisajiliwa kwa kitambulisho cha mume wangu, nami nikaona hayo ni mapenzi. Halafu akaanza kukopa kwa hiyo laini. Nikiuza kuku, mtu akinitumia pesa, mkopo unaimeza kabla sijamaliza kusoma ujumbe. Mkopo wa simu hauulizi nani aliamka kulisha hao kuku.

Kwa hivyo mnunuzi wa ndengu, choroko nilizolima mwenyewe, aliponiuliza, "Nikulipe kwa simu ama kwa benki?" sikufikiria mara mbili. Benki. Akaunti niliifungua mjini Wote nilipoenda kwetu kujifungua, kitambulisho changu kikiwa bado kipya, na kadi ilikuwa na jina langu. Nilitembea na hiyo kadi kifuani siku nzima kama mjinga.

Lakini Nuu mwanamke haweki kadi nyumbani. Watoto wataivunja, bwana ataiona, na mashine ya pesa iko mbali, Mwingi, nauli yenyewe ni kilio. Tunaiacha kwa ajenti pamoja na namba ya siri. Ukiwa na shida unamwambia, anakutolea, anakata chake. Mama mkwe alifanya hivyo, majirani wanafanya hivyo, nami nikafanya hivyo, na nilikuwa nimesoma mpaka kidato cha nne. Tulikuwa tunamficha bwana pesa kwa mwanaume ambaye hawezi kumnyima bwana.

Mume wangu nilimkuta akinywesha mbuzi.

"Pesa ya mtoto iko wapi?"

"Niliitoa kanisani. Harambee ya kununua spika za kwaya. Ulitaka nisimame mbele ya watu mikono mitupu?"

"Ungesimama na mikono yako. Hiyo ilikuwa yangu."

"Yako? Shamba ni la nani?"

Nilielezwa baadaye jinsi alivyopigiwa makofi, na mchungaji akamwita mfano wa kuigwa. Mtoto hasikii vizuri, na pesa ya sikio lake imenunua spika. Sikulia. Niliuza kuku waliobaki, kwa pesa taslimu mkononi, nikaenda benki, Mwingi.

Msichana wa benki alinisikiliza huku akiangalia kompyuta. "Lakini dada, wewe ndiye ulimpa namba ya siri."

"Ndiyo, nilimpa. Na nyinyi ndio mlimpa kibao chenu akitundike juu ya mlango. Bila hicho kibao ningempa kadi mtu wa kuuza chumvi?"

Akavuta fomu ya malalamiko, na pale palipoulizwa shida ni ya aina gani akaandika: ugomvi wa kifamilia. Niliisoma ikiwa juu chini. Nikamwomba kalamu, nikakata maneno yake, nikaandika mwenyewe, mtoto akinivuta mkono:

"Ninamlalamikia ajenti wenu wa Nuu. Nilimwachia kadi yangu na namba ya siri, hilo ni kosa langu na nimelikubali. Yeye alimpa kadi mtu mwingine bila kuniuliza, akamhesabia pesa yangu yote. Huyo mtu ni mume wangu, lakini akaunti haina jina lake. Ajenti wenu ana mkebe uliojaa kadi za wanawake na atazitoa vivyo hivyo kwa mwanaume yeyote atakayesema ni mwenye boma. Nataka pesa yangu irudishwe, kwa sababu mtoto wangu anaumwa na hajatibiwa. Nataka kila mama arudishiwe kadi yake mkononi mwake mwenyewe. Na msinipigie kwa ile namba ya simu mliyo nayo. Hiyo laini si yangu. Nitakuja mwenyewe."