Shikamoo ya Nyanya

Juzi mjukuu wangu alinipita mlangoni bila kuniamkia, nikamkumbuka nyanya yangu kule Changamwe, siku moja nilipokuwa mtoto. Ami, mwanawe wa mwisho na mdogo wa baba yangu, alikuwa amerudi kutoka vitani, akinuka tumbaku na ngozi ya viatu. Nyanya alikuwa amempikia mchuzi wa nazi tangu asubuhi. Ami aliingia, akakanyaga mkeka kwa viatu vyake.

"Mama, chakula ki wapi?"

Nyanya alimtazama, akasema polepole, "Shikamoo, mwanangu."

Nilicheka, nikidhani anamtania. Ami naye akacheka, akajibu, "Marahaba!" akaketi kula.

Nyanya aliniambia moshi unamuuma macho, akatoka uani. Nilimwamini. Leo najua alikwenda kulia, na kwamba Ami hakuwahi kumwamkia mpaka siku tulipomzika Nyanya.